Somo la Kumi na Tisa

Tulikuwa wanne, na kitabu cha kujifunzia gitaa kilikuwa kimoja. Kinyozi ndiye aliyekiokota katika rundo la vitabu vilivyotumika, kikiwa kimeshapoteza jalada la nyuma, akatutolea nakala kwenye duka lililo jirani na saluni yake. Kilikuwa na kurasa tisini na sita, masomo arobaini, na picha za mkono wa mtu mwenye kucha safi kupita kiasi. Mwalimu wa muziki hatukuwa naye. Tulikuwa na karakana ya mwenzetu seremala kila Jumamosi saa tisa alasiri, mabenchi mawili, harufu ya vanishi, na unga wa mbao uliotuingilia mpaka ndani ya matundu ya magitaa. Wa nne wetu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, ambaye mara nyingi alifika akiwa bado na viatu vyake vyeupe vya kazini.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu kwa taaluma, na nimefundisha hesabu kwa miaka ishirini na saba, wenzangu walinikabidhi kazi ya kuweka utaratibu bila mimi kuiomba. Sikuikataa. Wiki ya pili nilikuja na jedwali lililopigiwa mistari kwa rula, safu nne za wanafunzi na mistari arobaini ya masomo, tukalibandika ukutani juu ya misumeno. Kanuni ilikuwa moja tu: hakuna kufungua somo linalofuata mpaka wote wanne tupate alama ya vema katika somo lililopo. Nilieleza sababu zangu kwa kirefu. Kinyozi aliuliza kama watakaochelewa watapigishwa magoti, na muuguzi akamjibu kwamba yeye angefaa kuanza kupiga magoti siku hiyohiyo, kwa usumbufu. Kanuni ikapita.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kujifunza. Yangu ilikuwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea na kunisomesha. Wazazi wetu walipofariki, yeye alikuwa na miaka ishirini na mmoja na cherehani moja. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Alishona sare za watoto wa watu mpaka nikatoka chuo cha ualimu na cheti mkononi. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo, kwa sababu hakunipa nafasi. Kila nilipoanza hotuba aligeuza mazungumzo au alinituma kitu. Sasa masikio yake yalikuwa yanamwacha. Daktari hakuzunguka: usikivu utaendelea kupungua, na huenda mwaka usiishe kabla masikio hayajaziba kabisa. Kifaa alichopewa kuvaa sikioni kilimpigia miluzi tu, akakiweka kwenye kopo la vifungo.

Nilipomwambia kwamba najifunza gitaa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatulia, akasema basi nimpigie wimbo mmoja kabla masikio hayajaziba. Nilimpigia somo la nane, kwa uangalifu mkubwa. Alisikiliza kwa adabu, akaniambia kwamba hayo ni mazoezi, yeye anataka wimbo mzima, wenye mwanzo na mwisho, kama watu wanavyopiga. Nilirudi nyumbani nikapekua kitabu. Wimbo mzima wa kwanza ulikuwa somo la ishirini na nne.

Tulikwenda vizuri mpaka somo la kumi na nane. Nalisema hili kwa fahari, kwani jedwali lilijaa alama bila hata mfuto mmoja. Seremala alikuwa na vidole vigumu visivyojua maumivu ya nyuzi. Muuguzi hakuwa na haraka wala hakukosea mara mbili jambo lilelile. Kinyozi alikuwa na masikio. Alisikia uzi uliolegea tangu mlangoni, akaulalamikia kabla ya kutusalimia.

Somo la kumi na tisa lilimtaka mwanafunzi alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kiwe kimenyooka kama komeo la mlango, huku vidole vingine vikifanya kazi yao. Wenzangu walilipita kwa wiki mbili. Mimi wiki ya tatu ilinikuta palepale, na ya nne, na ya tano. Nyuzi mbili zililia na nne zikabaki bubu. Kidole changu hicho kiliwahi kubanwa na mlango wa darasa miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kimepinda kidogo katikati. Sikuliona hilo kuwa udhuru. Maishani mwangu nimesikia udhuru mwingi wa wanafunzi, na nimewajibu wote kwa neno moja: rudia. Nikajiambia hivyohivyo. Nilirudia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni baada ya kusahihisha madaftari, mpaka mke wangu akaniomba walau nihamie chumba cha nyuma.

Wakati huohuo dada yangu alikuwa akipungukiwa na usikivu. Mwezi ule aliacha kuitikia simu kwa sababu haisikii ikiita. Wajukuu wakimwita alitabasamu na kuangalia upande mwingine. Mimi nilikuwa nimewafunga watu watatu katika ukurasa mmoja kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, na wimbo ulikuwa masomo matano mbele.

Jumamosi ya sita nilisimama mbele ya jedwali nikapendekeza waendelee bila mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Seremala alisema tuanze kwanza na marudio, maana yeye mwenyewe hana hakika na somo hilo siku hizi. Akalipiga, na akakosea. Muuguzi akafuata, naye akakosea. Kinyozi akakosea vibaya kuliko wote, akatikisa kichwa, akasema vidole vyake vimechoshwa na vichwa vya watu. Wakakubaliana kwamba alama zao zifutwe, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Nilizifuta. Nilirudi nyumbani nikiwa na faraja, nikiamini kwamba somo lile ni gumu kwa kila mtu.

Jumamosi iliyofuata wakakosea tena, na hapo ndipo macho yangu yakafunguka. Mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka ishirini na saba anajua kitu kimoja kuhusu makosa. Asiyejua hukosea mahali palepale, kwa namna ileile, leo na kesho. Kosa lake lina makazi. Wenzangu walikosea kila mara mahali papya. Seremala wiki iliyopita aliuacha uzi wa tatu, wiki hii aliusahau wa kwanza, na wa tatu ukalia safi kabisa. Muuguzi, ambaye hakosei mara mbili, alikosea mara nne kwa namna nne. Haya hayakuwa makosa ya kutojua. Yalikuwa yametengenezwa, na yalitengenezwa kwa ajili yangu, ili nisibaki peke yangu chini ya mstari.

Nilikaa na gitaa mapajani nisijue pa kuangalia. Nilikuwa na hasira kwa muda mfupi, hasira ya mzee aliyeshikwa mkono kuvuka barabara. Kisha ikaniondoka. Nikawaambia kwamba nimeona, na kwamba wanakosea vibaya sana, yaani hawajui hata kukosea.

Seremala aliinama akaanza kupuliza unga wa mbao ambao haukuwapo. Kinyozi akasema alijua watakamatwa, alishawaambia kwamba huyu ni mwalimu, wangechagua kosa moja wakae nalo. Muuguzi hakujitetea. Alihama benchi, akaketi kando yangu, akaushika mkono wangu kama anavyoshika mikono ya watoto wodini, akakibonyeza kidole changu mahali kilipopinda.

"Mwalimu, kidole hiki hakitanyooka," akasema. "Mfupa uliunga vibaya. Si uvivu wako, wala si mazoezi machache. Hata ukirudia mpaka uzeeke."

Nilimwambia kwamba basi wimbo wa dada yangu umekwisha.

"Wimbo upo palepale ulipo. Wewe ndiye unayetaka kuufikia kwa kupanga foleni."

Sikupata usingizi mzuri wiki hiyo. Neno foleni lilinikaa. Nilifungua kitabu, nikajilazimisha kufanya jambo ambalo sikuwahi kumruhusu mwanafunzi yeyote: kuruka. Niliuchambua wimbo wa somo la ishirini na nne kama ninavyochambua fumbo la hesabu, sehemu kwa sehemu, na nikaona kwamba hauhitaji watu wanne wafanye kitu kimoja. Zile noti za chini, zinazotembea polepole juu ya nyuzi mbili nene, zilihitaji kidole kimoja tu kwa wakati mmoja, na hakuna hata pahali palipodai kidole kilazwe. Hiyo ilikuwa besi. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira na mwenye kujua kuhesabu.

Jumamosi nililibandua jedwali mimi mwenyewe. Nyuma yake, kwenye karatasi tupu, nilichora mpangilio mpya: kinyozi solo, muuguzi na seremala rithimu, mimi besi. Kinyozi aliangalia karatasi akauliza kama hilo nalo limepigiwa mistari kwa rula. Lilikuwa limepigiwa. Tuliruka masomo manne kwa siku moja na paa la karakana halikutuangukia.

Ilituchukua wiki saba. Wenzangu walifanya kazi kuliko mimi, hasa kinyozi, ambaye sehemu yake ilikuwa na noti nyingi kama mvua ya mawe, na ambaye alifunga saluni mapema Jumatano tatu mfululizo ili aje kufanya mazoezi. Mimi nilikuwa na noti thelathini na mbili, zikarudiwa mara mbili.

Tulikwenda nyumbani kwa dada yangu Jumapili asubuhi. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, na cherehani ameisogeza pembeni ili viti vinne vienee. Sikutoa hotuba. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba wimbo huu ni wa kumshukuru, kwa sare zote zile. Akaisoma, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni. Seremala akahesabu kwa kugonga mguu, tukaanza.

Kinyozi alipiga siku ile vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Nilimsikia kwa jicho la pembeni, ikiwa lugha inaruhusu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, asikose noti hata moja. Rithimu ilikaa sawa. Mimi nilitembea na besi yangu, nikihesabu. Dada yangu hakuniondolea macho, na kichwa chake kilikuwa kikiinama na kuinuka pamoja na kidole changu, noti kwa noti, mpaka ya mwisho.

Tulipomaliza akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia anavyosema:

"Umepiga vizuri, mdogo wangu. Nimesikia yote. Lakini wenzako mbona umewaleta kukaa tu?"

Muuguzi alininong'oneza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Nene hubaki mpaka mwisho. Dada yangu hakuwa amesikia solo, wala rithimu, ila labda kwa mbali. Aliona mikono ya watu watatu ikihangaika juu ya magitaa kimya, na katika ukimya huo akamsikia mdogo wake peke yake.

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilitaka haki itendeke. Kinyozi alikuwa amefunga saluni mara tatu. Lakini yeye alishasogeza kiti chake, ameinamia sikio la dada yangu.

"Sisi tumemsindikiza tu, dada," akasema kwa sauti nzito aliyoitoa tumboni. "Mwalimu anaogopa kupiga peke yake."

Dada yangu alicheka, akamwambia kwamba hilo analijua, kwamba siku yangu ya kwanza shuleni alikaa nje ya dirisha la darasa mpaka saa sita, kwa sababu nilikuwa nikigeuka kila dakika kuhakikisha kama yupo. Mimi sikulikumbuka kabisa jambo hilo. Akawashukuru wenzangu mmoja mmoja, kwa kuwashika mikono, kwamba wameacha kazi zao kuja kukaa na mdogo wake. Seremala alisema si kitu. Muuguzi alisema walikuwa njia moja.

Kisha akauliza kama naweza kuupiga tena. Niliwatazama wale watatu, nikashindwa kusema nililotaka kuwaambia, na nadhani walilisikia. Kinyozi alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akarudisha kiti chake kwenye mstari. Seremala akagonga mguu mara nne.