Jani la Kwenye Pindo

Fundi umeme yule alikuwa na tabia ya kukunja pindo la suruali mara mbili kabla hajapanda ngazi, na hakulikunjua mpaka arudi nyumbani. Mkewe, kabla ya kuloweka nguo, lazima alikung'ute kwanza nje ya mlango. Likimwaga vumbi la mbao, alijua leo mume alikuwa kwa seremala. Likimwaga chokaa, nyumba mpya.

"Nimeoa polisi," mume alikuwa akicheka. "Hata nikipata mchepuko, pindo litanichongea."

"Basi ukienda kwake vaa kaptura."

Sasa mume hayupo, na suruali ilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Meneja wa ghala la saruji, bosi wake, alileta habari mwenyewe: fundi alipanda ngazi ghalani akiwa amelewa, akaanguka. Mjane alisema mume wake hanywi. Watu wakamwambia pole. Maiti hajitetei. Kilichomchoma zaidi ni baba mkwe. Mzee hakutoa chozi. Alisema mara moja tu, "Kumbe nilizaa mlevi," na tangu hapo akawa halitaji jina la mwanawe.

Wageni walipokwisha kuondoka, mjane alikaa kizingitini na ule mfuko. Alilikunjua pindo polepole, mikono ikifanya kazi iliyoizoea, akingoja saruji. Ghala lile lilikuwa likimrudishia mume wa kijivu mpaka kope. Haikuanguka hata chembe. Ulidondoka udongo mweusi, laini, wenye vipunje vyeupe vyepesi kama povu lililokauka, na nusu ya jani.

Juu lilikuwa la kijani, limechorwa mistari mizito inayotoka katikati kwenda pembeni kama miiba ya samaki. Alipoligeuza, chini lilikuwa zambarau. Hakuwahi kuliona popote. Akalibana ndani ya gazeti lisijikunje.

Kesho yake alilipeleka kwa muuza maua wa kando ya barabara, mtu mwenye maneno mengi.

"Dada, umeniletea nusu mtu, nimtambueje?" Lakini alilipokea, akaligeuza, akalipapasa kwa kidole gumba. "Aa, huyu namjua. Jina lake la vitabuni silijui, sisi tunamwita mfupa wa samaki. Huyu ni wa sebuleni, tena sebule ya wenye nafasi. Jua likimpiga, kaungua. Na vumbi hataki, sharti apanguswe jani kwa jani kama mtoto wa mfalme."

"Kwenye ghala la saruji anaweza kuishi?"

"Saruji?" Muuza maua alicheka. "Wiki haimalizi. Kwani umemwokota wapi?"

Mjane alilikunja gazeti lake akaondoka.

Siku hazikupita nyingi, meneja akawaita nyumbani kwake, yeye na baba mkwe, "tuyamalize kifamilia." Mzee alikwenda akiburuta miguu kama anayekwenda kushtakiwa. Alipochoka, aliegemea ukuta wa hospitali kupumzika. Hospitali na nyumba ya meneja vilikuwa pua na mdomo.

Sebule ilikuwa ya marumaru. Darini palitobolewa tundu, nyaya mbili zikining'inia, zimefungwa utepe mweusi. Chini yake sawasawa palikuwa na ua, limepandwa kwenye ndoo ya kufulia. Mjane aliliangalia akasahau kukaa. Miiba ya samaki juu, zambarau chini.

"Umelipenda?" mke wa meneja alimuuliza. "Wengi wananiuliza jina, hata mimi silijui. Nilifuata majani tu. Lilikuwa na chungu chake kizuri, kikavunjika."

"Mama watoto, lete chai," meneja alidakia.

"Kilivunjika lini, dada?"

Mke wa meneja alimtazama mumewe. Mjane hakungoja. Alipiga magoti mbele ya ndoo, akaanza kupekua jani moja moja kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Chini kabisa, karibu na udongo, alikiona kikonyo kilichobaki na nusu jani. Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande chake, akakiunganisha. Kilikuwa kimesinyaa kidogo, lakini mchaniko ulikaa, na kila mwiba ulikutana na mwenzake.

"Baba," aliita bila kugeuka. "Hili lilikuwa kwenye pindo lake."

Mzee alikuja akainama. Alilitazama jani, kisha akainua uso akazitazama zile nyaya.

"Alikuwa anakufungia taa," alisema.

"Mzee wangu, ajali haina kinga," meneja alianza. "Nilimtoa kazini bila ruhusa ya wakubwa. Nina watoto. Niliogopa..."

"Alikuwa amelewa?"

Meneja alimsogezea kiti.

"Nakuuliza, bwana. Mwanangu alikuwa amelewa?"

"Hapana."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akataja jina la mwanawe, mara moja, kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha.

"Sasa mlipomtoa hapa kumpeleka huko ghalani," aliuliza, "alikuwa bado anapumua?"

Meneja aliinamia sakafu. Mkewe ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni mwa jikoni, sinia tupu kifuani.

"Alikuwa anaomba maji."

Hapo ndipo mzee alipomlilia mwanawe.