Kikwembe cha Harusi ya Bénie

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi si maskini. Malori yanayoleta unga, mafuta na bia kutoka mpakani Kasumbalesa yameandikwa jina la mume wangu, Paluku, na nyumba yetu ya mtaa wa Golf ina ghorofa moja zaidi ya nyumba ya jirani yetu Laurentine. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu mtaani kwetu wanaoniitikia salamu kana kwamba nimekuja kuomba maji.

Tulihama mtaa wa Naviundu, tulikoanza na duka la unga, kwa ajili ya Glodie, binti yetu wa pekee. Nilitaka akae na watoto wa wakubwa, acheke nao, asiwe mtu wa kuchungulia uani kwa wenzake. Na kweli akapatana na Bénie, binti wa Laurentine, wakawa chanda na pete. Asiyepatana na mtu ni mimi. Wale kina mama babu zao walifanya kazi relini na migodini, wamebatizwa parokia moja, wanaitana kwa majina ya utotoni. Mimi, niliyetoka mbali mashariki, ni "ule mama wa Kivu", miaka yote hii. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yangu walinifunga shingoni.

Basi Bénie akaposwa. Hapa Lubumbashi harusi ni vikwembe. Kila kundi lina kitambaa chake: ndugu wa bwana chao, ndugu wa bibi chao, marafiki chao, hata wapishi chao. Ukumbini kila kundi linaitwa kwa zamu likacheze mbele ya maharusi na kutoa zawadi. Kitambaa ulichovaa ndicho kinachosema wewe ni nani kwa watu wale. Nilikingoja changu kama mtoto anayengoja nguo ya Noeli. Glodie akaniletea: kijani, maua ya njano. Nilipokishika nikaona ni chepesi mno. Nikajiambia, matajiri wa zamani ndivyo walivyo, hawana haja ya kujionyesha. Nikakipeleka kwa Bijou, fundi ghali kuliko wote mjini, akanitilia mikono ya puto na shanga kifuani.

Glodie aliponikuta mbele ya kioo akashtuka.

"Mama, juu ya nini ulishonesha vile?"

"Haiko muzuri?"

"Iko muzuri," akasema, akatoka chumbani upesi.

Jumamosi nikaingia ukumbini kifua mbele. Kina mama wa Golf walikuwa wameketi karibu na maharusi, wote zambarau, kitambaa kizito kinachong'aa. Wote! Nikatafuta kijani. Nikakiona kwenye mlango wa nyuma, kwa wanawake waliobeba sufuria za bukari, ugali wa huku.

Bwana mmoja wa protokoli akanishika kiwiko. "Mama, ba cuisine banapitia ile mulango ingine."

Mimi, mpishi? Nilimkazia macho mpaka akaniachia. Kisha nikaenda huko huko nyuma, nione kwa macho yangu. Mama Cathy, mkubwa wa wapishi, alinikagua kutoka shanga mpaka viatu, mwiko mkononi.

"Aba! Mama, unatucheka? Siye tuko mu kazi, weye unakuya kutuchezea na kikwembe yetu?"

Hata jikoni sina pangu! Damu ikanipanda kichwani. Nikageuka, nikapasua katikati ya ukumbi, nikasimama mbele ya Laurentine. Wanamuziki walikuwa wanapumzika, kwa hiyo kila mtu alinisikia, na nilitaka wanisikie.

"Mama Bénie, nilikukosea nini? Hii bière yote bantu banakunywa ilikuya na camion yangu. Na weye unanivalisha ba cuisine?"

Alisimama. Nilitegemea acheke, kama wanavyocheka wao, puani. Hakucheka.

"Mama Glodie, yako ilikuwa violet kama yangu. Miye mwenyewe nilikutumia."

"Iko wapi?"

Akatazama meza ya marafiki wa Bénie, alipokuwa ameketi Glodie, kisha akashusha sauti.

"Mutoto wako alirudisha. Alisema haupendi kukaa na siye, unapenda tu kusaidia ba cuisine, nikamupa ile yabo. Nilizani ni weye ulimutuma. Nilikasirika sana, mama. Nilisema, ule mama anatuzarau."

Nikaenda kwenye ile meza. Glodie alikuwa ameinamisha kichwa, nywele nilizomlipia zimemfunika uso.

"Glodie. Iko kweli?"

"Mama, tafazali. Si hapa."

"Iko kweli?"

Akanyanyua uso, na kumbe naye alikuwa na hasira. "Unasemaka nguvu, mama! Kila fasi ni bei ya unga tu. Unaitika telefone na Kinande ya kwenu mu katikati ya bantu. Ukishaondoka banacheka, na miye ndiyo nabaki nabo. Nilizani kule nyuma utakuwa bien."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuwahi kumpiga mtoto huyu. Mkono ulinyanyuka wenyewe, nikaushika kwa mkono wa pili. Nilikuwa na hasira ya kuangusha ukumbi ule, na Laurentine niliyemletea hasira hiyo hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mtoto wa tumbo langu mwenyewe.

Ngoma zikaanza. Mshereheshaji akaita kina mama wa Golf. Laurentine akanifuata, akanishika mkono. "Kuya. Cheza na siye, vile vile uko."

"Mama, apana!" Glodie akanong'ona. "Banafilmer."

Ndipo nilipokwenda. Nilicheza mbele kabisa, kijani peke yangu ndani ya zambarau, nikikanyaga sakafu kama mtu anayeua nge. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakacheka. Mshereheshaji, mtu wa mizaha, akanifuata na mikrofoni.

"Na huyu mama wa kijani, anacheza kushinda bote! Iko mama ya nani?"

Ngoma zikashushwa ili jibu lisikike. Nikamtazama Glodie. Meza nzima ya wenzake ilimtazama. Neno moja tu lilitakiwa, na mtoto wa chekechea analiweza.

"Iko mama ya kwetu!" Laurentine akapaza sauti, akanikumbatia shingoni mbele ya watu wote. "Iko muntu wa Golf!"

Ukumbi ukashangilia. Miaka mingapi nimelingoja neno hilo! Nikamchukia kwa kulisema yeye, si mwanangu. Juu ya bega lake nilimwona Glodie akichukua glasi yake ya Fanta, akanywa taratibu, mpaka mshereheshaji alipoita kundi lingine.