Mapigo ya Baada ya Chakula cha Mchana

Nyumbani wananiita Kwanini, na sioni aibu. Nilianza kuuliza maswali kabla meno hayajatimia mdomoni, na mpaka leo nashona sare za shule huku nauliza. Kwa hiyo kliniki ilipomvalisha mama bangili ya kupima mapigo ya moyo, aliyefurahi zaidi hakuwa mama. Nilikuwa mimi.

Ilikuwa bangili nyeusi ya mpira, yenye kijitaa cha kijani upande unaogusa ngozi. Presha ya mama ilikuwa inamsumbua, na kliniki ilikuwa imeanzisha mpango mpya: mgonjwa anarudi nyumbani na bangili, bangili inatuma mapigo kwenye simu, simu inayapeleka kliniki, na huko kuna programu ya akili mnemba inayosoma mistari ya wagonjwa wote bila kupiga miayo. Ikiona kitu kisichoeleweka, inamshtua daktari. Simu ya mama ni ile ya vitufe, basi ikatumika yangu. Nikawa natembea na moyo wa mama kwenye mfuko wa aproni, pamoja na chaki na tepu.

Jamani, raha! Nilikuwa naacha shati halina mkono, natazama mstari. Mama akipanda ngazi, unapanda. Mama akigombana na muuza maziwa, unapanda zaidi.

"Mama, asubuhi ulikuwa unamsema nani?"

"Hebu niachie moyo wangu wewe! Kashone."

Baba hakutaka hata kuitazama. Ni fundi bomba mstaafu, mpole, ila ukitaja hospitali anageuka jiwe. Kaka yake alikwenda kupimwa kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa amebebwa. Tangu siku hiyo neno la baba ni moja: ukienda kuutafuta ugonjwa, utaupata. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba jioni, akipanda ngazi anasimama katikati na kujifanya anatazama rangi ya ukuta. Tulimbembeleza, tukamgombeza, tukachoka.

Ndipo kliniki wakapiga simu. Mama aletwe haraka.

Daktari alikuwa dada mwenye sauti ya taratibu. Alitugeuzia kioo cha kompyuta. Programu ilikuwa imeweka alama nyekundu kwenye mstari wa mama, mara nyingi, siku nyingi. Moyo unakwenda vizuri, ghafla unapoteza mpangilio, unarukaruka, kisha unatulia tena. Moyo wa namna hiyo, akasema, unaweza kugandisha damu, na bonge la damu likipanda kichwani ni kiharusi.

Alimpima mama kifuani palepale. Kipimo kikatoka safi.

"Ugonjwa huu huja na kwenda," daktari akasema. "Ndiyo maana bangili inatusaidia. Tatizo ni dawa. Inazuia damu isigande, na mama ana vidonda vya tumbo. Alishawahi kutapika damu."

"Kwa hiyo dawa inaweza kumuua?" nikauliza.

"Inaweza kumletea shida kubwa. Na kuacha kumpa pia. Alhamisi nitakaa na wenzangu, mje, tutaanza kwa uangalifu."

Nikamtazama mama, nikitegemea machozi. Mama alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la kujikaza, la kweli kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Njiani akaninunulia hata karanga, akaniomba baba nisimwambie.

Kwa nini? Mtu anaambiwa moyo wake mbovu, ananunua karanga?

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafungua simu, nikarudi nyuma, siku moja baada ya nyingine. Zile fujo zote zilikuwa za mchana, baada ya chakula. Asubuhi hakuna, jioni hakuna. Nikaanza uchunguzi wangu. Kwanza nikamnyima mama chai ya mchana. Fujo ikaja vilevile. Nikazima tamthilia yake ya runinga, yule mke mwenza mbaya anaweza kumharibu mtu moyo. Mama alininunia, na fujo ikaja vilevile. Halafu nikaona jambo lingine. Bangili huhesabu hatua pia, na katika saa hizo haikuhesabu hata moja, ilhali mimi, nikiwa kwenye cherehani yangu, nilikuwa namsikia mama jikoni anagonganisha masufuria.

Mtu haoshi vyombo huku amekaa tuli. Nikainuka.

Mama alikuwa anasugua sinia, mikono mitupu mpaka kwenye viwiko.

"Bangili iko wapi?"

"Nimeivua, isilowe."

"Mama, haiingii maji. Na inaandika sasa hivi. Iko kwa nani?"

Akaanza kusugua sinia lililokwisha kutakata. Sikungoja jibu. Chumbani baba alikuwa amejilaza chali, usingizi wake wa kila mchana, anakoroma. Kwenye mkono wake mnene wa fundi, bangili ilikuwa imefungwa kwenye tundu la mwisho, kijitaa cha kijani kinapepesa.

Mama alikuja nyuma yangu akinivuta nguo, tukagombana kwa kunong'ona.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile waliyonipa. Atapimwa lini huyu, akiwa macho? Namvalisha akishalala, akikaribia kuamka naivua."

"Na hukumwambia daktari?"

"Nimwambie nini? Si mlisema ina akili? Nikajua itaona huyu si mimi. Mkono wa mwanamume huo, una nywele, una kovu! Nikawa nasubiri waniite waseme, mama, mumeo anaumwa, au mumeo mzima. Walipoita wakasema ni mimi." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Nikashukuru. Nikasema basi, yeye hana kitu. Bora mimi."

Hapo nikaielewa ile karanga, na nikataka kumkumbatia na kumtikisa kwa pamoja. Alikuwa tayari kumeza dawa ya kumtoboa tumbo, na alikuwa na furaha, kwa sababu mashine imesema ni yeye.

"Mama," nikamwambia, "inasoma mapigo tu. Haimjui aliyevaa. Kwake yeye, mwenye bangili ni wewe, hata ukimvalisha mbuzi. Na fujo zote ni za mchana."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Niliona hesabu ikimfika usoni polepole: kama fujo ni za mchana, na mchana bangili haiko kwake.

"Kwa hiyo ni mimi," ikasema sauti kitandani.

Baba hakufumbua macho. Koromo lilikuwa limekoma, sijui tangu lini.

"Baba, uko macho?"

"Tangu siku ya kwanza. Mama yako anakuja na mikono ya baridi ya maji ya vyombo, ananivuta kidole kimoja kimoja, nisiamke? Mimi gogo?"

"Na kukoroma kote kule?" mama akauliza.

"Ningefanyaje? Ningeamka ningelazimika kukataa." Akaigusa bangili mkononi. "Nilitaka kujua. Ila sikutaka kwenda kuuliza. Nikasema itazame yenyewe, kimyakimya. Siku zikapita hamsemi kitu, nikajiambia nimesalimika."

Hakuna aliyecheka, ingawa kesho yake tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilimsikia baba akivuta pumzi, fupi, kama anavyovuta kwenye ngazi. Niliogopa kweli. Nikampigia daktari nikamweleza yote, na daktari akasema tusisubiri Alhamisi, tumlete sasa.

Nilidhani tutamsukuma. Alivaa viatu mwenyewe.

Kliniki wakambandika vinasa mapigo kifuani, na mstari wake ukatokea kwenye kioo, unarukaruka waziwazi mbele ya macho yetu. Daktari akasema bora amekuja akiwa anatembea, kwamba tumbo lake zima na dawa hii ataiweza, na ya mama inafutwa leo leo. Akaniambia pia, bila kuona haya, kwamba swali la nani anavaa bangili hawakuwahi kuliuliza, na kuanzia sasa wataliuliza kila nyumba. Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinua shingo anakitazama kile kioo, mwanamume aliyekimbia jambo hili miaka yote, na akauliza kwa sauti ya mtu anayekagua bomba la jirani, "Hapo panaporuka, ndipo pamevuja?"

Mama ndiye aliyelia. Ugonjwa wake aliupokea kwa karanga, wa baba ulimshinda. Alilia kwa sauti, mpaka muuguzi akafunga mlango.

Daktari alileta bangili nyingine, mpya, akaandika jina la baba, akataka kumvalisha. Baba akaurudisha mkono wake nyuma.

"Anavalisha mke wangu," akasema. "Anajua tundu langu."

Akamnyooshea mama mkono, macho yake wazi kabisa.