Mgeni Mmoja wa Kithyoko

Jumatatu hiyo Wanza alifika kazini mapema, akafungua dirisha linalotazama mapaa ya Machakos mjini, akachomeka birika la umeme na kuwasha kompyuta. Ofisi ya Maji Jirani ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Kampuni ilikuwa na malori ya maji na tovuti. Wafadhili waligharimia malori. Mwananchi alifungua tovuti, akaandika anakoishi, akabonyeza kuomba maji. Mwisho wa mwezi, programu ya kuhesabu wageni wa tovuti ilionyesha wageni wengi walitoka wapi, na huko ndiko malori yalikopelekwa. Kazi ya Wanza ilikuwa kuitunza tovuti na kutia sahihi ripoti.

Alipogeuka kutafuta majani ya chai, kiti cha wageni kilikuwa na mtu. Alikuwa mama wa makamo, leso kiunoni, vumbi jekundu hadi magotini, na mtungi mtupu wa plastiki mapajani. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani.

"Habari ya asubuhi, mwaitu," alisema Wanza, kama alivyomwita mwanamke yeyote wa umri wa mama yake.

"Mzuri, mwiitu," alijibu yule mama, akimwita binti kwa Kikamba. "Nimekuja juu ya maji."

"Umetoka wapi?"

"Kithyoko. Hata bado niko huko. Nimefungua tu hiyo tovuti yenu."

Wanza alitazama kompyuta. Programu ilionyesha mgeni mmoja, Kithyoko, ukurasa wa kuomba maji. Akatoa kikombe cha pili.

Programu hiyo ilinunuliwa na meneja, Bwana Muigai, aliyeipendea mshale wake. Ulikuwa mshale wa kijani unaopanda kila mwezi, na wafadhili waliufurahia kama watoto wanavyofurahia tiara. Wanza alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba programu nzuri si ile inayokusifu; ni ile inayokuonyesha nani alikuja na shida na akaondoka mikono mitupu. Muigai alimjibu kwamba hiyo Wanza ataiweka siku akiwa na kampuni yake mwenyewe. Basi Ijumaa iliyotangulia Wanza alipiga moyo konde, akaweka programu nyingine ndogo, ya kuwaonyesha hao, kando ya ile kubwa, bila kuomba ruhusa. Jumatatu wageni wakaanza kuja wenyewe. Kama mambo hayo mawili yalihusiana, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Kabla ya saa ya chai walikuwa wamefika wengine. Mwanamume mmoja kutoka Athi River, mwenye nyumba za kupangisha, alikuwa na simu mbili, kwa hiyo alikaa kwenye viti viwili na kukohoa katika vyote viwili. Programu kubwa ilimhesabu mara mbili. Alijibiwa kwamba lori liko njiani, akatoweka kwenye viti vyote kwa pamoja. Wa Syokimau nao walikuja, kila mtu na simu yake, wakajibiwa, wakaenda zao.

Mama wa Kithyoko, aliyejitambulisha kuwa Kavindu, hakuenda. Kando yake alitokea msichana mwenye mtoto mgongoni, jina lake Nzisa. Programu kubwa haikuongeza mtu. Iliandika kwamba mgeni yule yule amerudi, na tovuti ikamjibu Nzisa: Umeshaomba. Tafadhali usirudie. Akaja mwingine na jembe, naye akajibiwa hivyo hivyo. Kisha mwingine. Viti vikaisha, wakakaa sakafuni. Kila jembe lilipopiga ardhi huko Kithyoko, udongo mkavu ulidondoka kwenye zulia la ofisi.

"Mwaitu, mbona mnatumia simu moja?" aliuliza Wanza.

Kavindu alimtazama kama mtu aliyeulizwa mbona anakula kwa mdomo.

"Leo mwethya iko kwangu, tunachimba matuta," alisema. "Kesho iko kwa Nzisa. Jembe inazunguka, sufuria kubwa inazunguka. Simu tulinunua ya kikundi, si lazima pia nayo izunguke? Ati kila mtu akae na yake kwa mfuko, ya nini?"

Wanza alimkumbuka nyanya yake. Naye alikuwa wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, maisha yake yote, akienda na wenzake shamba hadi shamba, na hakuna siku aliyoomba chochote kwa zamu isiyo yake. Wanawake hawa waliomba maji kama walivyolima. Programu ilihesabu simu, ikaona mtu mmoja king'ang'anizi. Wanza alihisi uchungu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Muigai aliingia akiruka mitungi.

"Hawa wote wanafanya nini hapa?"

"Ni wageni wa tovuti," alisema Wanza. "Wa Kithyoko."

Muigai aliinamia kompyuta. "Hapa inasema ni mmoja."

"Ndio hao."

"Basi ni mmoja," alisema Muigai, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Alhamisi alimletea Wanza ripoti ya mwezi. Ilisema Kithyoko kuna mgeni mmoja tu, mwaminifu sana, na kwamba lori la huko lihamishiwe Athi River kwenye mahitaji makubwa. Wanza aliisoma akiwa amesimama, maana kiti chake alikuwa amempa mama mjamzito.

"Sitii sahihi," alisema.

"Wanza, usinichezee. Wafadhili wanakuja kesho."

"Waje. Mimi watu naona wamejaa hapa, nitaandika aje mmoja? Kama ni kazi unataka kuchukua, chukua. Hiyo karatasi siwekei jina langu."

Nyuma yake majembe yalikuwa yamenyamaza. Muigai alisema watazungumza baadaye, na jioni hiyo akamwita fundi kutoka Mavoko, ambaye aliifuta programu ndogo ya Wanza. Wageni hawakuondoka. Hawakuwa wamejibiwa kuhusu maji.

Ijumaa wafadhili walifika. Walipita katikati ya wanawake wakisema samahani, samahani, wakasimama mbele ya skrini kubwa. Nzisa alimwomba mmoja wao amshikie mtoto kidogo ajifunge leso vizuri. Yule bwana akamshika mtoto, akambembeleza, huku macho yake yakiwa kwenye mshale. Mshale ulikuwa umepanda. Wakapiga makofi, na mtoto akalia. Muigai aliitia ripoti sahihi mwenyewe, akiegemeza karatasi juu ya mtungi wa Kavindu kwa kuwa meza haikufikika.

Walipoondoka, Kavindu alimgeukia Wanza.

"Mwiitu, hiyo lori inakuja?"

Wanza angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kama ofisi zinavyofanya. Hakutaka.

"Haiji, mwaitu. Mimi nilikataa, lakini haiji."

Kavindu aliwageukia wenzake akawaelezea kwa Kikamba. Walisikiliza hadi mwisho. Mmoja alicheka kidogo, kicheko kisicho na utani, na mwingine akaweka jembe lake chini kabisa, kama mtu aliyefika kwake.

"Basi sisi tunakaa," alisema Kavindu. "Hatufungi hiyo ukurasa. Simu yetu iko na chaji, na kuzunguka tunajua."

Wakakaa. Wiki iliyofuata mwethya ilikuwa kwa Nzisa, kisha kwa yule mjamzito, na simu ilipita mkono hadi mkono bila ukurasa kufungwa. Mwenye duka la mabomba alizoea udongo uliopenya kwenye dari yake. Wanza, ambaye bado hakuwa amefukuzwa kwa sababu barua yake ya kufukuzwa ilikuwa kwenye meza ile ile isiyofikika, alinunua sufuria kubwa ya chai na kila asubuhi akaandika kwenye ubao wa ofisi majina yao yote, bila kumruka mtu.

Asubuhi moja Muigai alikuta mlango wa ofisi yake umezibwa kabisa.

"Nipisheni, akina mama," alisema. "Niko na kazi."

"Hata sisi," alisema Kavindu bila kuinuka. "Panga laini."

Muigai alimtazama Wanza. Wanza aliendelea kumimina chai, akianzia mbele. Basi Muigai akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya bibi mmoja mwenye mitungi miwili, akasimama. Huko chini barabarani lori la Kithyoko lilikuwa limejaa maji hadi pomoni. Dereva aliliwasha, akashika njia ya Athi River.