Waulizwe au Wasiulizwe

Ambrose alipopewa kadi ya chama hakuuliza ni ya nini. Kwao Bukoba, enzi za chama kimoja, mtu mzima mwenye akili zake alikuwa na kadi, basi. Kwa hiyo Mzee Bhanu, mwenye nyumba wake pale Stanmore, London, na mwenyekiti wa tawi la chama tawala cha Waingereza, alipomwambia, "Njoo kwenye chama upate watu, acha kujifungia na vitabu vyako vya upimaji ardhi," Ambrose alishukuru akaitia mfukoni. Mwezi uliofuata alikwenda ofisi ya uhamiaji Croydon kuongeza viza ya masomo, na kwa moyo mweupe kabisa akaiweka kadi juu ya paspoti. Mama wa dirishani aliitazama, akamtazama yeye, akairudisha kwa ncha ya kidole.

Bhanu aliposimuliwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Hapa kadi haikupi kitu, bwana mdogo. Hapa ni wewe unakipa chama!"

Wakapendana tangu hapo. Bhanu, Mhindi, alizaliwa Mwanza, akafungua duka Kampala, kisha akaja London, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha moto. Alikuwa mtu wa kuuliza maoni. Chumvi imekolea? Pazia hili au lile? Hata mpeleka barua aliwahi kusimamishwa mlangoni aseme kama mlango upakwe kijani au bluu.

Ndiyo maana Ambrose alishangaa majira yale ya baridi, mwanzoni mwa mwaka tisini na sita, chama kilipopasuka. Hawakugombana tu kama Uingereza iache pauni na kuingia kwenye sarafu moja ya Ulaya. Waligombania kama wananchi waulizwe kwanza kwa kura ya maoni! Upande mmoja ulisema waulizwe, mwingine ukasema wabunge walichaguliwa kwa kazi hiyo hiyo. Walirushiana maneno hadi kwenye televisheni, na hakuna aliyevuliwa uanachama. Ambrose alikodoa macho. Alikotoka, ya chama yalimalizwa ndani, mkitoka nje mna kauli moja.

Pale Stanmore, upande wa waulizwe uliongozwa na Vijay, muuza miwani, shemeji yake Bhanu. Na Bhanu, huyu huyu wa kumsumbua mpeleka barua, alisema katu, wasiulizwe.

"Kwa nini, Mzee?" Ambrose aliuliza.

"Kwa sababu," Bhanu akajibu, akaongeza sauti ya televisheni.

Jibu hilo lilimkera Ambrose kuliko ugomvi wenyewe. Kila alipojaribu kurudi kwenye swali, Bhanu alikuwa na mlango wa kuchomokea.

Vijay akapeleka hoja tawini: tawi liwatake wakuu waahidi kura ya maoni. Bhanu akatangaza kwamba hoja ikipita ataachia kiti, kwa kuwa hawezi kulisemea jambo asiloliamini. "Wewe najua uko nami," alimwambia Ambrose. Ambrose alinyamaza. Kwao kijana hambishii mzee usoni, na Bhanu, aliyekulia huko huko, akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo. Ambrose hakulala vizuri wiki ile. Akimwangusha Bhanu, atapoteza rafiki pekee aliyempata mji huu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa, chai na sambusa mezani. Vijay alisema, "Tunaogopa nini kuwauliza wananchi? Ni nchi yao." Bhanu alisema kiongozi asiyeweza kuamua akalime. Ambrose aliomba kimoyomoyo mwenyekiti aahirishe kidogo, wazee wakanong'one pembeni warudi na kauli moja. Bhanu hakuahirisha. Mikono iliponyooshwa, ikalingana.

"Ambrose hajapiga," Vijay alisema.

Wote wakamgeukia. Ambrose alikumbuka tume iliyopita Bukoba miaka michache nyuma, kuuliza watu: chama kimoja au vingi? Alisimama juani, akasema kimoja kinatosha. Wengi walisema kama yeye, na serikali ikaleta vingi. Hilo halikumuuma. Alichobaki nacho ni siku yenyewe, wakubwa wameketi kwenye madawati ya shule, wamenyamaza, wanamsikiliza yeye. Aliipenda sana siku ile.

Akanyoosha mkono upande wa Vijay.

"Hoja imepita," Bhanu alisema kwa sauti ya kawaida, akainuka kitini. Hata Vijay hakushangilia.

Waliingia garini. "Nitatafuta chumba kwingine, Mzee," Ambrose alisema.

"Nani kakufukuza?" Bhanu alishika usukani, gari halijawashwa. "Uliniuliza kwa nini. Haya. Mwaka sabini na mbili sisi Wahindi tulipofukuzwa Kampala, serikali ya hapa ilitupokea. Watu waliandamana na mabango, tusije. Wakubwa hawakumuuliza mtu. Wangeitisha hiyo kura yenu, mimi na mama watoto tungelala wapi?"



"Nikuulize mimi sasa," Bhanu akaendelea. "Ungekuwa raia wa hapa siku ile, wakakuuliza kama nipokelewe, ungesemaje?"

Neno ndiyo lilimfika Ambrose mdomoni. Lakini mzee alikuwa amemgeukia, anamsikiliza, na aibu ya kumdanganya ilikuwa kubwa kuliko ya kumwambia kweli.

"Ningekuwa sikujui, Mzee," alisema. "Nadhani ningekataa."

Bhanu aliitikia kwa kichwa, taratibu, akawasha gari.

"Twende," alisema. "Mama ameshapakua, chakula kitapoa."

Ambrose aliona afadhali angetukanwa.