Shamba la Magurudumu

Nimestaafu kazi ya upimaji ardhi, lakini macho yangu hayajastaafu. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla hata sijaulizwa hali, nimeshajua kama ukuta wake umemega kiwanja cha jirani. Mke wangu huniita Bwana Mipaka, na anaponiita hivyo hanisifu.

Bustani ndiyo jeuri yangu. Mbele, upande wa lango, nina mawaridi. Nyuma kuna ua wa mivinje niliyoipanda kwa mikono yangu, na sasa imelipita paa. Jioni hutupa kivuli kizito, nami hukaa chini yake na kikombe cha chai kama mwenye mji. Wapita njia husimama langoni wakasema, "Mzee, una mkono wa baraka." Huwajibu, "Usione vyaelea, vimeundwa," kisha nanyoosha mgongo ili wanione vizuri.

Basi asubuhi moja nikakuta kigari cha mtoto langoni pangu. Kilikuwa chakavu, kofia yake imepauka, na kimeegeshwa karibu kabisa na mawaridi. Mtoto yuko peke yake, mama hayupo! Nikatoka mbio na kandambili za mke wangu, nikainama kuchungulia. Waliolala humo ni miche ya nyanya. Ilikuwa imepangwa kwenye makopo, imetandikiwa vipande vya kitambaa cha sare za shule.

"Shikamoo, Mzee."

Alikuwa binti mpangaji wa nyumba ya nyuma yetu, fundi cherehani. Alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara, anashonea vifungo kwenye shati, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye kigari.

"Marahaba. Kigari hiki ni chako?"

"Ndiyo, Mzee. Nyanya zinaota jua kidogo tu, sasa hivi naziondoa."

Muungwana angeishia hapo. Mimi nikaenda kuleta kamba. Nikaivuta kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, nikamwonyesha kwamba gurudumu moja limeingia kwangu, upana wa kiganja. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, kisha akaziona kandambili zangu zenye maua. Midomo yake ilipigana na kicheko, ikashinda kwa shida.

"Samahani, Mzee. Mpaka sikuuona. Mimi nilifuata jua tu."

Akakivuta kigari haraka, gurudumu likatumbukia mtaroni, likavunjika. Miche ikalala upande. Wanasema hasira hasara, ila safari hii hasira ilikuwa yangu na hasara ikawa yake. Niliona haya. Nikashika kigari upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukakibeba hadi kwake.

Miaka yote nyumba zetu zimepeana migongo, na mlango ule sikuwahi kuuingia. Uani palikuwa na sakafu ya saruji, kamba za nguo, na cherehani lililowekwa mlangoni pa chumba ili lipate mwanga. Kwangu asubuhi ile jua lilikuwa linachoma. Pale palikuwa kama ndani ya kabati. Saruji ilikuwa baridi, na kuvu ya kijani imepanda ukutani. Nikainua kichwa nione ni kitu gani kimeifunika nyumba ya watu namna ile.

Ilikuwa mivinje yangu. Kwa upande wa nyuma sikuwa nimewahi kuiona. Ilisimama myeusi, bega kwa bega, kama askari waliokatazwa kumpisha mtu.

"Jua hapa hufika saa ngapi?" nikauliza.

"Likiwa utosini hutupitia, likatusalimia," fundi akasema, kama anayemzungumzia ndugu mwenye shughuli nyingi. "Halafu linaingia nyuma ya ghorofa ile, ndiyo basi. Kwa hiyo nikatafuta kigari. Asubuhi langoni kwako, mchana hapa, jioni kule kwa kinyozi. Nyanya zangu zinatembea mjini kuliko mimi."

"Binti yangu, nyanya zimejaa sokoni. Taabu yote hii ya nini?"

Hapo akaacha kucheka. Mama yake, alisema, amelima maisha yake yote, na sasa magoti yamegoma. Anaishi peke yake, hana wa kumchotea maji. Kila akiitwa aje mjini anajibu, "Nije nikae nitazamane na ukuta?"

"Basi nikamwambia nina shamba. Anakuja Jumamosi ijayo. Ameapa kwamba asipoliona shamba, hata begi hafungui, anarudi na gari lile lile."

"Umemwambia shamba?"

"Shamba, Mzee. Magurudumu sikuyataja."

Tukacheka mpaka wapangaji wakachungulia. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliniishia. Jioni nikakaa kivulini na chai yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiacha ikapoa. Nilifikiria sifa zote nilizozipokea langoni. Mkono wa baraka! Nusu ya kazi ilifanywa na jua, na jua silipandi mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake tu, na nyuma yangu kuna watu. Niliona aibu, na aibu ya uzeeni haina pa kujificha, hasa ukiwa na mke kama wangu.

"Mipaka ya mji mzima umeipima," alisema baada ya kunisikiliza. "Kivuli chako je?"

Kesho yake nikaibeba fimbo yangu ya kupimia, ile yenye milia myekundu na myeupe, pamoja na futi ndefu, nikaenda uani kwa fundi. Yeye alishika fimbo, mimi nikapiga hesabu. Nilitaka kusikia kwamba kupunguza vilele kutatosha. Nikapima. Nikapima tena kwa matumaini ya kukosea. Jibu lilikuwa lile lile: ikatwe hadi kifuani.

"Mzee, usikate kwa ajili yangu," fundi akasema. "Miti mizuri hivi!"

"Nani kasema kwa ajili yako? Ina wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wadudu wa mipaka!" mke wangu akapaza sauti kutoka upande wa pili.

Mkata miti alipokuja na msumeno wake nilijiandaa kuhuzunika, na mvinje wa kwanza ulipoanguka kweli nilihuzunika. Kisha upande wa pili nikasikia mtu anapiga kigelegele. Kila mti ulioanguka ulifungua dirisha la mwanga kwenye saruji. Wapangaji wakatoka vyumbani wamekinga macho kwa mikono. Mmoja akaleta godoro kulianika, mwingine akafuata na lake, mwishowe uani pakawa kama duka la magodoro. Mimi niliyekuja kuomboleza nikajikuta namwelekeza mkata miti kwa kelele kama niko kwenye mechi ya mpira.

Magogo tukayapanga yakawa kingo za matuta. Udongo na samadi vilitoka kwangu. Nyanya zikashushwa kutoka kwenye kigari, zikapata pa kutua. Kigari chenyewe tukakiweka kona moja, tukakipandia vitunguu.

Jumamosi mama yake fundi akafika. Mimi na mke wangu tulikuwa upande wetu wa visiki, tunajifanya tunapogoa. Alikuwa kikongwe mdogo wa umbo, na fimbo yake. Begi lilikuwa mkononi mwa binti yake, maana alikataza lisiwekwe chini. Akaenda moja kwa moja kwenye matuta, akachomeka kidole udongoni, akakinusa. Akageuza jani moja akalitazama kwa chini. Fundi alisimama na begi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Hili ndilo shamba?"

"Ndiyo, mama."

"Ni dogo."

"Ndiyo, mama."

Bibi akainua uso juani, akafumba macho, akakaa hivyo. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu.

"Lakini una mkono wa baraka, mwanangu." Kisha akaniona mimi. "Baba, nasema uongo? Huyu si ana mkono?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na hesabu zangu, samadi yangu, mivinje yangu, na ile methali ya vyaelea ilikuwa imeshafika kwenye meno. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Ana mkono, mama," nikasema. "Tena wa baraka kweli."

"Haya," bibi akamwambia binti yake, "unasimama na begi la nini? Lifungue. Jembe liko chini ya nguo."

Fundi akakaa chini pale pale kwenye saruji yenye joto, analia na kucheka, anatoa nguo mpaka akalifikia jembe. Lilikuwa halina mpini, na pembeni yake kulikuwa na mbegu zimefungwa kwenye vitambaa. Mama yake hakungoja mpini. Alilishika hivyo hivyo, akainama penye udongo karibu na visiki, akaanza kuparua. Baada ya kitambo akasita, akanitazama.

"Baba, mpaka wenu unapita wapi? Nisije nikavuka."

Mke wangu akageuka kunitazama. Fundi naye akanitazama.

"Sikumbuki, mama," nikasema. "Wewe lima tu."