Kuba la Sukari

Keki za Nawal zilijulikana Kariakoo nzima, ingawa jiko lake lilikuwa mtaa wa pili, Gerezani, nyuma ya maduka ya spea. Ila hakuwahi kuombwa keki kama ya Rasha, binti wa muuza vitambaa, msichana aliyesoma Istanbul. Rasha alitaka keki ya harusi yake iwe na sura ya Ayasofya, lile jengo la kale la huko lenye kuba.

Nawal alikubali kabla hajaona picha. Alipoiona, aliisogeza karibu na macho: kuba kubwa namna ile limekaa juu ya duara la madirisha, utadhani halikushikwa na kitu.

Akafinyanga kuba la sukari juu ya bakuli pana. Likakauka, akalipandisha juu ya keki. Ijumaa mchana, harusi ikiwa kesho yake, likatitia katikati na kutumbukia ndani.

Mumewe Zayed, muuza spea, alimshauri aweke maua hapo juu, watu waile hivyo hivyo, mambo yaishe. Nawal alikaa na simu, vidole vimejaa sukari, akisoma habari za jengo lenyewe. Mara akamwita.

"Zayed, njoo usome. Hata lao lilianguka."

Kuba la kwanza la Ayasofya lilikuwa limelala mno. Uzito wake ulisukuma kuta nje, matetemeko ya ardhi yakamalizia. Waliolijenga upya waliliinua zaidi, uzito ushuke chini badala ya kutanuka kando. Nawal alisoma huku anacheka peke yake. Mafundi waliokufa miaka elfu na mia nne na ushee iliyopita, leo wanamfundisha kazi jikoni kwake.

Zayed naye akakolea. Akatafuta bakuli lenye kina, Nawal akafinyanga upya, na sukari ilipoanza kushika Zayed akakata madirisha ukingoni, mikono yake ya kushika nati ikienda taratibu. Ilipofika magharibi kuba lilikuwa juu, limetulia.

Ukumbini Rasha aliinama na shela lake, akachungulia kwenye dirisha moja.

"Da Nawal," akasema, "mwanga unaingia kama kule."

Akakataa kukata keki mpaka kila mgeni achungulie. Wakapanga foleni, bibi zake mbele.

Jumatatu Nawal alienda Kariakoo kununua sukari. Miaka yote alipita pale akitazama bei tu. Safari hii aliinua shingo: miavuli ya zege juu ya soko, imefunguka kuelekea mawinguni kukinga maji ya mvua, kila mmoja kwa mguu wake mmoja. Aliyewaza hivi alianzia wapi? Mwenye mkokoteni akamfokea apishe njia. Akasogea kidogo, akaendelea kutazama.